Mafuta Yaliyo Mgongoni

Kila kinachokunywa mafuta kwenye paramota, yaani bawa la kitambaa unaloruka nalo ukiwa umebeba injini, kiko nyuma yako. Injini iko mgongoni, propela nyuma yake, na tangi chini kabisa karibu na makalio. Geuza shingo mpaka iume, helmeti na mikanda ya kiti haitakuachia uone kitu. Leo jioni nimeruka, nimetua na akiba ya kutosha, hakuna mkasa wa kusimulia. Ila kuna hesabu ya mafuta inayozunguka kichwani tangu nivue helmeti, na najua nisipoiandika sitalala.

Tangi langu ni la lita 12. Likijaa ni karibu kilo 9 za petroli juu ya uzito wa injini yenyewe, na kilo hizo unazisikia magotini unapokimbia kupaa, hasa upepo ukiwa haupo. Ndiyo maana wengi wetu tunajaza kulingana na safari. Hapo ndipo unapolazimika kujua kwa hakika injini yako inakula kiasi gani. Aliyejaza tangi zima kwa mzunguko wa nusu saa hana haja ya kupima chochote. Amelipia uvivu wake kwa magoti.

Plastiki ya tangi inapitisha mwanga, na kiwandani walichora mistari ya lita. Mistari ile inasema kweli injini ikiwa imesimama wima juu ya meza. Ukishapaa na kukaa kitini, fremu inalala nyuma kidogo, tangi linalala nayo, na mafuta yanahamia upande wa nyuma. Kwa hiyo tuliitundika mashine kwenye boriti kwa kulabu zake, nikaingia kitini na kukaa kama ninavyokaa hewani, rafiki yangu akawa anamimina lita moja moja kwa jagi la vipimo na kuchora mstari kwa maka peni kila lita. Nafasi kati ya mstari na mstari hazikulingana, maana tangi lina mabonde ya kupisha mikanda. Tarakimu tuliziandika kinyumenyume, kwa sababu hewani nazisoma kwenye kioo kidogo kilichofungwa mkononi. Ukiliona tangi likiwa chini utadhani limeandikwa na mtoto wa chekechea. Juu zinasomeka bila kufikiri.

Siku hiyohiyo tulivuta mafuta kwa pampu ya mkono mpaka mpira unaopeleka mafuta kwenye injini ukaanza kunyonya hewa, tukapima kilichobaki. Karibu nusu lita. Mafuta hayo yapo, unayaona kwenye kioo, lakini injini haitayapata. Nimeyafuta kabisa kwenye hesabu zangu. Hata hivyo sipendi kukaribia mpaka huo, kwani injini ya mipigo miwili inalainishwa na oili iliyo ndani ya petroli yenyewe. Mpira ukianza kuvuta hewa badala ya mafuta, mchanganyiko unakuwa mwepesi, mzunguko unapanda kidogo kabla ya kukohoa, na pistoni inapata moto bila mafuta ya kuipoza.

Kioo nacho kina adabu zake. Kwenye hewa inayopandapanda mafuta yanacheza ngoma, na ukisoma mara moja unaweza kujidanganya kwa lita nzima. Nasubiri nikiwa nimenyooka, nimetuliza akseleta, nasoma mara mbili au tatu halafu nachukua ile ya chini. Jua likiwa nyuma mstari unaonekana wazi. Likiwa mbele, tangi lote ni kivuli. Oili yenye rangi inasaidia sana, na ukweli ni kwamba kati ya oili mbili za ubora uleule mimi nachukua yenye rangi kali, kwa sababu hiyo tu.

Kipimo changu cha kwanza lakini ni saa. Baada ya kila safari nagawanya lita nilizotumia kwa muda niliokuwa juu, naandika daftarini pamoja na aina ya safari. Nikienda kimo kimoja bila haraka, mashine yangu inakula karibu lita 3.8 kwa saa. Kwenye kupanda kwa nguvu zote inakula zaidi ya maradufu, kwa hiyo jioni ya kuchezacheza, panda shuka, panda shuka, haifanani kabisa na safari ndefu ya muda huohuo. Mwenzangu ambaye ni mwepesi kuniliko, mwenye bawa kubwa na injini ndogo, anatumia kidogo sana. Namba za mtu mwingine hazina faida kwako hata kama injini zenu zimetoka kiwanda kimoja.

Huyo rafiki aliyenichorea mistari amefunga kihisi cha umeme cha kupima mafuta na anaona mambo yangu ni ya kizamani.

"Kaka, saa yako haijui kama mpira wa mafuta umechanika," aliniambia leo tukikunja mabawa.

"Na kihisi chako hakijui kama waya wake umelegea."

Alicheka, lakini ana hoja. Saa inahesabu mafuta yanayopaswa kuwa yametumika. Haijui kama tangi linavuja, wala kama kabureta imelegezwa na sasa inamwaga mafuta mengi kuliko wiki iliyopita. Kioo kinaonyesha yaliyopo lakini hakisemi yatadumu muda gani. Kinachonisaidia ni kuvisoma vyote viwili kila robo saa. Vikikubaliana, naendelea. Vikipishana kwa zaidi ya lita moja, sianzi kubishana navyo huko juu. Natafuta uwanja, natua, nakagua. Kihisi chake kingenipa shahidi wa tatu, na huenda siku moja nitakifunga. Sitaki tu kiwe shahidi wa pekee.

Sasa hesabu yenyewe. Watu wengi husema: nusu ya tangi kwenda, nusu kurudi. Mimi naiona ni kanuni mbaya, na upepo ndio unaoiharibu. Chukua bawa la kilomita 45 kwa saa na upepo wa kilomita 20. Upepo ukikusukuma kutoka nyuma, ardhi inapita chini yako kwa kilomita 65 kwa saa. Ukigeuka kurudi na upepo wa mbisho, unabaki na 25. Toa kwenye lita 12 ile nusu lita isiyofikika, weka kando lita 2 za akiba, ubaki na 9.5, yaani saa mbili na nusu kwa matumizi yangu. Ukianza kwa kusukumwa, inabidi ugeuze baada ya dakika 42 tu, ukiwa umbali wa kilomita 45, kwa sababu kurudi kutakula dakika 108. Dakika 42 ni chini ya lita 3! Nani anageuza akiwa bado ana lita 9 kwenye tangi, mkono umetulia, mandhari ndiyo kwanza yanapendeza? Kioo chenyewe kinakwambia endelea.

Kwa hiyo siku za upepo naanza kwa kuukabili. Ukichoka au mafuta yakikimbia kuliko ulivyotarajia, upepo unakurudisha nyumbani. Nikilazimika kurudi nikiupinga, nashuka chini kiasi kwa kuwa kwa kawaida upepo hupungua karibu na ardhi, ingawa kimo kidogo kina gharama yake. Injini ikizimika ukiwa mita 300 hewa ikiwa tulivu, unaweza kuteleza kilomita moja na nusu hadi mbili hivi kutafuta pa kutua, na dhidi ya upepo umbali huo unapungua vibaya. Ukiwa mita 50 unatua pale ulipo, pawe pazuri au pabaya.

Jambo jingine lililonichukua muda kuliamini: dhidi ya upepo, kuongeza mwendo kunaweza kuokoa mafuta. Nikilegeza trima za bawa, yaani mikanda ya kurekebisha kasi yake, hadi kilomita 55 kwa saa, injini inapanda mpaka lita 5 kwa saa, na masikio yananiambia nafuja. Lakini mwendo juu ya ardhi umetoka 25 hadi 35. Gawanya: mwanzoni nilikuwa natumia lita 0.152 kwa kila kilomita, sasa ni 0.143. Upepo ukiisha, hesabu inageuka na mwendo wa polepole unashinda. Lita kwa saa ni namba ya kujifariji tu ikiwa hujui ardhi inapita kwa kasi gani chini yako, na hiyo naisoma kwenye GPS.

Tundu la kupumulia la tangi nalikagua kabla ya kuruka, kwa sababu likiziba injini inaweza kuzimika na mafuta yote yapo. Mpira nao nauangalia kama una viputo. Hayo hayahitaji maneno mengi.

Naandika lita tu daftarini, kilo sizitaji kamwe, na kwa hili nawakumbuka marubani wa Boeing 767 ya Air Canada, Julai 1983. Vipimo vya mafuta vya ndege havikuwa vinafanya kazi, kiasi kikapimwa kwa vijiti, kisha lita zikageuzwa kuwa uzito kwa kutumia 1.77, ambayo ni ratili kwa lita, wakati ndege ile ilihitaji kilo, yaani karibu 0.8 kwa lita. Wakaondoka na mafuta yasiyofika nusu ya waliyodhani wanayo. Injini zote mbili zilizimika angani, na wakaiteleza ndege mpaka Gimli, uwanja wa zamani wa jeshi la anga nchini Kanada. Waliokuwemo wote waliokoka. Kuzidisha kwao hakukuwa na kosa, namba tu ndiyo haikuwa yake.

Wiki hii nafunga propela nyingine, ndefu kidogo. Maana yake ile 3.8 haina kazi tena mpaka ithibitishwe upya. Nitajaza lita 6, nizunguke karibu na uwanja kwa saa moja kimo kimoja, nitue, nitundike mashine kwenye boriti na kusoma mistari. Kisha nirudie siku ya upepo. Mwenzangu ameomba aje na kihisi chake tulinganishe, nimemwambia aje na jagi la vipimo pia.