Daftari la Kilo

Alitoa daftari mkobani kabla hata hajaketi vizuri. Lilikuwa daftari la shule, jalada limevishwa kitenge cha buluu na kushonwa pembeni kwa mkono, na ndani kila ukurasa ulikuwa na tarehe kushoto na kilo kulia. Alianza kuliandika wiki aliyorudi kutoka India, alikofanyiwa upasuaji wa kwanza, ule wanaouita slivu: sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, kama asilimia 75 hadi 80, hukatwa na kutolewa kabisa, ukabaki mrija mwembamba umbo la ndizi.

Kilo 128 siku ya upasuaji. Halafu 121, 117, 112, mpaka 84 mwezi wa kumi na nne. Chini ya 84 alipiga mistari miwili ya wino mwekundu. Kisha zikaja kurasa tupu. Kisha 91, 97, 103. Asubuhi ile mizani yetu pale Kampala ilionyesha 108.

Alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, ametoka Arua kwa basi la usiku. Daktari wa upasuaji alikwisha kumwonyesha majibu ya kamera na ya picha ya kumeza dawa nyeupe: mrija ulikuwa umetanuka upande wa juu, na palikuwa na ngiri ya kiwambo, yaani sehemu ya tumbo imechomoza juu kuingia kifuani, iliyokuwa ikimpandishia kiungulia kila alipolala. Upasuaji wa marudio ulipangwa baada ya wiki tatu, kuugeuza ule mrija uwe baipasi: kimfuko kidogo kinachounganishwa moja kwa moja na utumbo, chakula kikikwepa sehemu iliyobaki ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Mimi ni mshauri wa lishe. Kazi yangu siku hiyo ilikuwa chakula, na matarajio.

Hesabu yake alikuwa nayo tayari, ameiandika ukurasa wa mwisho: 108 − 44 = 64. "Zile 44 za kwanza zilitoka kwa miezi 14, mwanangu," aliniambia. "Safari hii njia naijua, labda miezi kumi." Binti yake angeolewa Desemba, na fundi wa kule Arua alikwisha kupewa kitambaa pamoja na vipimo vya zamani, vya ile 84. "Atabana kidogo tu," alisema.

Hakuna aliyemdanganya waziwazi. Alikuwa na karatasi aliyopewa kwingine, imeandikwa kwamba wagonjwa hupoteza "asilimia 60 hadi 70 ya uzito wa ziada". Kwa upasuaji wa kwanza maneno hayo si mabaya. Kosa ni kuyahamishia kwenye wa pili bila kusema asilimia ni ya nini.

Tukafanya hesabu upya kwenye daftari lake, kwa kalamu yake. Urefu wake ni mita 1.60. Uzito wa ziada huhesabiwa kuanzia BMI 25, kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu, ambayo kwa urefu huo ni kilo 64. Mara ya kwanza alikuwa na ziada ya kilo 64, akatoa 44: asilimia 69 ya ziada, au asilimia 34 ya uzito wake wote. Matokeo mazuri sana. Mara hii anaanzia 108. Mtu anayetoka slivu kwenda baipasi kwa sababu uzito umerudi, mara nyingi hupunguza kama asilimia 10 hadi 20 ya uzito alio nao siku ya upasuaji wa pili. Kwake ni kilo 11 hadi 22. Yaani atue kati ya 97 na 86.

Alinyamaza. Nikachukua 92, iliyo karibu na katikati, nikaandika chini yake mistari mitatu. Kilo 16 ni asilimia 15 ya uzito wa leo. Kilo 16 hizohizo ni asilimia 36 ya ziada ya leo. Na ukihesabu tangu 128, mwili umeshuka kilo 36, asilimia 28. Mwili ni mmoja, mizani ni ileile, namba ni tatu. Mtu akikutajia asilimia, muulize kwanza: ya uzito upi, kuanzia lini?

"Lakini wanakata tena," alisema. "Kwa nini itoe kidogo?"

Swali la haki, na ndilo linalostahili muda mrefu zaidi. Slivu ilipofanyika, ile sehemu ya juu inayotoa homoni nyingi ya njaa, ghrelini, iliondoka. Faida ile ilikwisha kuliwa, haiwezi kukatwa mara mbili. Mwili uliowahi kutoka 128 hadi 84 hujifunza kubana matumizi, unachoma nishati kidogo kuliko mwili wa uzito uleule ambao haujawahi kupungua. Tena anaanzia chini: kilo zilizo rahisi kutoka zilitoka mara ya kwanza.

Halafu kuna chakula. Nilimwomba aniambie siku tatu zilizopita, mlo kwa mlo. Nyama ilikuwa inamkwama, kwa hiyo aliiacha. Badala yake: matooke yaliyopondwa na mchuzi wa karanga, chapati iliyolowekwa kwenye chai, chai ya maziwa vikombe vinne, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari. Vijiko 12 ni kama gramu 48 za sukari, kwenye chai peke yake. Chakula laini hupita kwenye mrija mwembamba bila kugonga hodi. Kishibisho kinakwama, kinenepesho kinateleza, na mtu hula kidogo huku akiongezeka. Hilo si uvivu, na nilimwambia hivyo mara mbili kwa sababu mara ya kwanza aliangalia pembeni.

Baipasi aliielewa haraka kuliko wengi. "Kama ile barabara ya Bweyogerere hadi Busega," alisema, "gari linakwepa mji." Ndiyo hasa. Nilimimina maji kwenye kikombe cha dawa ya kikohozi mpaka mstari wa mililita 30, nikamkabidhi. Huo ndio mfuko mpya. Alikishika kwa vidole viwili, akakiinamisha kidogo kuona maji yakisogea, hakukiweka mezani mpaka tulipomaliza.

Mengine tuliyapitia kwa kasi, yeye akiandika. Wiki mbili vimiminika, wiki mbili vya kupondwa, kisha vilaini hadi wiki ya nane. Protini gramu 60 hadi 80 kwa siku, ndiyo inayoliwa kwanza kwenye sahani: yai moja ni gramu 6, kikombe cha maziwa 8, sato wa kuchemsha gramu 100 ni zaidi ya 20. Maji lita moja na nusu kwa kunywa kidogokidogo, si pamoja na chakula, wala nusu saa baada yake. Vitamini maisha yote: kalsiamu isimezwe pamoja na madini ya chuma, ziachane saa mbili, na chai isifuate chuma. Sindano ya B12 kila mwezi kama vidonge vinamshinda. Diklofenaki na ibuprofeni, zile zinazouzwa kila duka la dawa, asiziguse tena. Huleta vidonda pale utumbo ulipounganishwa. Maumivu ni parasetamoli.

Wiki ya tatu, nilimwambia, mizani itasimama. Kilo za mwanzo huwa na maji mengi, kwa sababu sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini hutoka na maji yake. Kisha mwili hutulia. Hapo ndipo watu hupiga simu wakilia kwamba upasuaji umefeli. Apime mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi.

Jambo moja nililitilia mkazo kuliko kilo zote. Upasuaji wa marudio una hatari zaidi ya wa kwanza, maana makovu hugandisha viungo na mishono huweza kuvuja. Mapigo ya moyo yakipita 120 kwa dakika, homa, maumivu yanayopanda begani, pumzi kukatika: hospitali usiku uleule. Arua iko zaidi ya kilomita 400. Alitaka kurudi siku ya nne kwa sababu ya duka. Tulibishana kwa adabu, na mwishowe akakubali kukaa wiki mbili kwa dada yake Kibuli, hapohapo Kampala.

Alipomaliza kuandika alirudi ukurasa wa mwisho. Hakufuta 64. Aliizungushia duara, pembeni akaandika "86–97", na chini yake "kiungulia kiishe". Akauliza kama hilo la kiungulia na lenyewe lahesabiwa. Nikamwambia kwa wengi ndilo hubadilika upesi kuliko yote, na kulala usingizi mzima ni matokeo kama kilo.

Akatoa simu, akampigia fundi palepale.

"Kile kitambaa usikikate bado," alisema. "Nitakuja unipime Novemba." Akasikiliza. "Hapana, vile vipimo vya zamani vitupe."