Mistari Myekundu Imeondoka

Jumapili, 4 Januari 2026

Usiku huu naandika kwenye kompyuta ileile niliyokwisha kuikatia tamaa. Niliinunua Kariakoo mwaka 2016, ikiwa imeshatumika Ulaya, na tangu hapo imenichapia mitihani, maandalio ya masomo na barua za wazazi. Prosesa yake ni ya kizazi cha nne, kwa hiyo haitimizi masharti ya Windows 11. Windows 10 iliyokuwamo nayo ilifikia mwisho wa masasisho yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kununua nyingine Januari hii, na ada za watoto zinasubiri, siwezi.

Mpwa wangu anayesoma chuo alikuja kutusalimia sikukuu. Baada ya shikamoo na chai akaigeuza, akasoma kibandiko cha chini, akauliza, "Mjomba, RAM ni nane?" Nikamwambia ndiyo, kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ni gigabaiti 8. "Basi usiiuze. Tuiwekee Ubuntu."

Ubuntu ni mfumo endeshi wa bure unaowekwa mahali pa Windows. Jina lake sikuhitaji kufasiriwa. Ni utu, kwa Kizulu na Kixhosa, na mwalimu wa Kiswahili shina lile hulitambua kwa mbali.

Tulichukua toleo la 24.04 la mwaka 2024, kwa kuwa lina masasisho ya miaka 5. Faili lake linakaribia gigabaiti 6, tukangoja bando la usiku. Tukaanza kwa kuliendesha kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, tuone kama skrini, sauti na kibodi vinaitika. Anayefikiria kuhama nakusihi usiiruke hatua hii, na mafaili yako uyanakili pembeni kwanza. Yangu niliyanakili mara mbili. Mna kazi ya miaka tisa humo.

Wi-Fi ilikataa. Tukachomeka simu kwa waya wa USB, kompyuta ikapata intaneti ya simu, ikatafuta draiva, yaani programu ndogo ya kuiendesha Wi-Fi, tukaizima na kuiwasha, ikakubali. Mengine yalikwenda vizuri. Inawaka upesi kuliko ilivyokuwa, feni imetulia, na kitufe cha kufungulia programu kiko kona ya chini kushoto, mkono wangu ulikozoea kwenda. Menyu nimeziacha kwa Kiingereza kwanza, maana tafsiri ya Kiswahili haijakamilika.

Lakini si hayo yaliyonikesha.

Miaka yote niliyochapa kwa kompyuta, kila ukurasa wangu wa Kiswahili umekuwa mwekundu. Kila neno, mstari chini yake. Niliuzoea kama mtu anavyozoea bati linalovuja. Kuna mwanafunzi mmoja, tulikuwa kwenye chumba cha kompyuta cha shule, aliangalia insha yake kwenye skrini akaniuliza, "Mwalimu, mbona Kiswahili chote ni kosa?" Nikamweleza kwamba mashine haijafundishwa lugha yetu. Akanyamaza, ila niliona wazi kwamba jibu halikumwingia. Swali lile limekaa nami.

Na kamusi za kukagulia tahajia ya Kiswahili zilikuwepo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. LibreOffice, programu ninayochapia sasa, ilichipuka kutoka OpenOffice hiyohiyo mwaka 2010. Niliwahi kuisikia habari hiyo, nikaipita. Najilaumu kwa hilo.

Mpwa wangu akaandika mstari mmoja tu kwenye dirisha jeusi la kuandikia amri: sudo apt install hunspell-sw, yaani sakinisha kamusi ya tahajia ya Kiswahili. Tukafungua mtihani wangu wa Kidato cha Tatu wa mwaka 2022, tukachagua maandishi yote, tukaweka lugha kuwa Kiswahili cha Tanzania. Mistari ikaanza kufutika kuanzia juu ya ukurasa kwenda chini. Ufahamu, sarufi, utungaji, vyote vikabaki vyeupe. Nilimwita mke wangu kutoka jikoni aje aone. Akatazama, akasema, "Kumbe inaonekana hivi?"

Haikuwa nyeupe kabisa. Vitenzi virefu vyenye viambishi vingi bado vinaishinda kamusi, na majina ya watu na vijiji ni hivyohivyo. Lakini katika swali la nne palibaki mstari mmoja, nikauinamia: "mwandihsi". Neno hilo nililichapa, nikalitoa kopi, nikawagawia wanafunzi, na lilikuwa na mstari mwekundu siku zote. Lilikuwa nao kama jirani zake wote waliokuwa sahihi, ndiyo maana sikuliona. Kwa miaka mingi nimedhani mistari ile ni kero ya macho tu. Kumbe ilikuwa inayaficha makosa yangu ya kweli.

Mpwa wangu ameondoka leo asubuhi na basi la saa moja. Kabla ya kupanda alinikumbusha namna ya kuongeza neno: kitufe cha kulia cha kipanya juu yake, kisha liingize kwenye kamusi. Tangu jioni nimeongeza maneno 41. La mwisho ni "nitakapowaandalia". Nimefungua sasa mitihani ya mwaka 2017, na katika ukurasa wa kwanza peke yake nimeshakuta "wanafuzni" na "kihusihsi".