Mshale Mmoja Kwenye Ratiba

Leo mchana tulikuwa tukipitia ratiba ya mradi wa kuhamishia kumbukumbu za ofisi kwenye mfumo mpya. Kazi ya kuwafundisha watumiaji ilikuwa imefungwa nyuma ya kazi ya kuujaribu mfumo: majaribio yasipokamilika, mafunzo hayaanzi.

Mwenzetu mmoja akauliza kwa upole, "Ni kweli mafunzo hayawezi kuanza mpaka majaribio yote yaishe?"

Tulipochunguza, tulibaini kwamba mafunzo yanahitaji tu sehemu ya kuingiza taarifa iwe imekwisha kujaribiwa. Sehemu ya ripoti inaweza kufuata baadaye.

Mshale uliozifunga kazi hizo mbili kwenye ratiba ukabadilishwa, zikawa zinaendelea kwa wakati mmoja kwa sehemu, na papo hapo rangi nyekundu inayoonyesha njia muhimu ya mradi, yaani ule mnyororo wa kazi ambao ukichelewa siku moja mradi mzima huchelewa siku moja, ikahamia kwenye ununuzi wa kompyuta.

Ununuzi! Kazi ambayo hakuna aliyekuwa akiifuatilia kwa karibu.

Hesabu ya njia muhimu imekuwapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, lakini haiwezi kutambua kama mshale uliochorwa ni wa lazima au ni wa mazoea tu. Hilo wanalijua wanaoifanya kazi yenyewe, nami naona waulizwe kabla ratiba haijapitishwa.

Ndugu zangu mnaosimamia miradi, ninyi huwauliza wakati gani? Na ni utegemezi upi wa kazi moja kwa nyingine mliowahi kuufuta baada ya kuuliza?