Pampu kwenye Mfuko wa Koti

Baridi ya Julai Njombe haimwonei mtu aibu. Asubuhi ile kliniki ya macho ilijaa makoti na mablanketi, na mimi, mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa pili, nilipangiwa kuwatilia wagonjwa dawa chini ya macho ya sista wa zamu.

Mzee mmoja alikuwa na presha ya macho. Jicho la kulia lilisoma 34, wakati kwa kawaida halitakiwi kupita 21. Akaandikiwa matone ya timololi, asubuhi na jioni.

"Mzee, una pumu? Moyo haukusumbui?"

"Sina, binti. Mzima kabisa."

Nikamwinamisha kichwa nyuma, nikavuta kope ya chini ifanye kimfuko.

"Ngoja kwanza," sista akasema. Hakuwa akitazama jicho. Mzee alipochomoa leso, mfuko wa koti ulibaki wazi, na humo ilichungulia pampu ya bluu ya salbutamoli, dawa ya pumu ya kuvuta.

"Hii ya nani, baba?"

"Yangu. Ila ni usiku tu, kifua kikibana."

Alikuwa njiani tangu alfajiri. Aliogopa akisema ukweli atarudishwa mikono mitupu. Simlaumu.

Tukimsubiri daktari, sista alinieleza jambo ambalo kwenye daftari langu lilikuwa mstari mmoja chini ya "tahadhari". Tone haliishii jichoni. Linaingia kitundu cha machozi, linashuka puani, na kutoka huko linaingia kwenye damu bila kupita ini kwanza. Timololi ni ndugu wa propranololi, dawa ya moyo na presha: inabana mirija ile ile ya hewa ambayo salbutamoli inaipanua. Ndiyo maana hata asiye na pumu, ukishamtilia, unambonyeza pembe ya ndani ya jicho kama dakika mbili. Nilikuwa nikidhani tunazuia dawa isipotee bure.

Daktari akabadilisha, akaandika latanoprosti, tone moja jioni. Bei yake ilimfanya mzee ahesabu noti mara mbili. Halafu likaja suala la friji, maana chupa ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye ubaridi, naye nyumbani hana hata umeme. Bahati nzuri ikishafunguliwa huvumilia hadi nyuzi 25 kwa wiki sita, na joto hilo Njombe ya Julai tunalisikia redioni tu. Tukaifungua pale pale, nikaandika tarehe kwenye boksi kwa kalamu nene.

Miezi michache baadaye alirudi na mkewe. Presha 18. Bibi, hata hivyo, alikuwa na malalamiko yake: kope za jicho la kulia zimerefuka na kuwa nyeusi tii, majirani wanauliza mzee anajipaka nini. Sista akamweleza kwamba ni dawa, ndivyo inavyofanya, haina madhara.

Bibi akamgeuza mumewe uso, akalinganisha huku na huku.

"Basi mtilieni na la pili," akasema, "yafanane."