Ami yangu na tezi dume

Ami yangu wa hapa Majengo alikuwa haishi kuamka usiku kwenda kukojoa. Barazani mmoja kamwambia ni sukari, mwengine mshipa, mwengine uzee tu. Nilipomuuliza faragha ndipo akafunguka: mkojo wachelewa kuanza hata akijikamua, ukija ni mwembamba, unakatika katika, na akitoka chooni bado ahisi kibofu kimejaa. Wazee wetu wana haya sana na jambo hili. Waulizeni kwa heshima, hasa waliopita miaka 50, watasema.

Hospitali alipimwa mkojo, sukari, damu kwa kipimo cha PSA (protini itokayo kwenye tezi dume), daktari akamkagua tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, kisha ultrasaundi. Sukari hana. Ni tezi dume imetanuka. Tezi hiyo imezunguka njia ya mkojo chini ya kibofu, ikikua yaibana. Kwake si saratani, alhamdulillahi, lakini dalili zaweza kufanana, ndiyo maana kukisia barazani hakutoshi. Amepewa tamsulosini, dawa ya kulegeza misuli ya hapo, na sasa alala.

Kilichonishtua ni daktari kumuuliza kuhusu dawa za mafua. Kumbe baadhi ya zile za kuzibua pua hukaza misuli hiyohiyo, na mkojo waweza kufunga kabisa! Mwambieni muuza dawa kuwa mgonjwa ana tezi dume iliyotanuka kabla ya kununua. Na mkojo ukifunga, tumbo la chini likajaa na kuuma, msingoje kupambazuke. Mpelekeni hospitali usiku huohuo.