Nilivyoisafisha eksteno ya picha za harusi kabla ya kuiuza

Eksteno yangu (diski ya nje ya kuchomeka kwenye kompyuta) ya terabaiti moja ilipata mnunuzi, kijana wa mtaani aliyetaka kuwekea muvi. "Kaka, si unaifomati tu hapa hapa, nasubiri?" Nikamwambia aje kesho. Humo mlikuwa na kazi zangu za harusi: sura za watu, orodha za michango zenye namba za simu, hadi picha za vitambulisho.

Nilipokwisha kuhamisha ninavyovihitaji, na kufungua folda kadhaa kuhakikisha zimehama kweli, niliifomati kwa ile njia ya haraka ambayo Windows huwa imeshaiwekea tiki. Kisha nikaendesha PhotoRec, programu ya bure ya kufufua mafaili. Bibi harusi huyo, na shela na keki yake! Majina ya mafaili tu ndiyo yaliyopotea. Fomati ya haraka hufuta orodha. Picha zenyewe hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake.

Kwa hiyo nikaingia diskpart, programu ya Windows ya kusimamia diski kwa kuandika amri, na hapo hakuna mchezo, maana haikuulizi kama una uhakika. Nilichomoa flashi zote, nikaandika list disk. Eksteno ilijionyesha kwa GB 931 (kiwandani huhesabu kwa 1000, Windows kwa 1024, usidhani umeibiwa). Nikaichomoa, nikarudia amri, ikatoweka; nikaichomeka, ikarudi. Ndiyo yenyewe. Nikaandika select disk na namba yake, nikaita orodha tena kuona kinyota kimekaa mbele yake, ndipo nikaandika clean all. Amri hiyo huandika sifuri diski nzima. Haionyeshi imefika wapi, nayo huchukua saa nyingi, hasa kwenye tundu la USB 2.0. Laptop niliiacha kwenye chaji, nikiwa nimeizuia isilale.

Asubuhi nikafomati kwa exFAT, mmoja wa mifumo ya kupanga mafaili kwenye diski, safari hii ya haraka ikitosha. Mifumo mingine ina kasoro: FAT32 haipokei faili la zaidi ya GB 4, na NTFS kwenye Mac husomeka tu bila kuandikika. TV za zamani zinaweza kuikataa exFAT, ila ya kijana ilikuwa inaikubali. PhotoRec ikapita tena, ikatoka mikono mitupu.

Kwa flashi na SSD (diski zinazotumia chipu, zisizo na sahani inayozunguka) siitegemei njia hii, kwa sababu zenyewe ndizo huamua data ikae wapi, na vipande vinaweza kubaki pasipofikika. Hizo nazifunga kwa BitLocker, kufuli ya Windows inayoficha data kwa nywila, kabla sijaweka picha hata moja.