Safu ya "Njiani": Jinsi nilivyochagua jukwaa la kuchangisha fedha za tangi la shule

Mimi ni mhazini wa kamati ya ujenzi huko Uru, juu kidogo ya mji wa Moshi. Kamati yetu ilikuwa na jambo moja tu: tangi la kuvunia maji ya mvua kwenye shule ya msingi wanakosoma wajukuu wetu, kwa kuwa mfongo, yaani mfereji wa asili wa maji, uliokuwa ukipita nyuma ya madarasa sasa hukauka miezi ambayo zamani haukukauka. Tulipokubaliana kuwaomba ndugu walioko nje ya nchi watusaidie, kazi ya kutafuta jukwaa la mtandaoni niliangushiwa mimi, nadhani kwa sababu ndiye pekee niliyekuwa na simu ya maana pamoja na kaunta buku.

Nilianza na GoFundMe kwa kuwa ndilo jina lililokuwa midomoni mwa kila mtu. Nilichokuta ni kwamba Tanzania haimo katika orodha ya nchi ambazo mtu anaweza kufungulia ukurasa wa kupokea fedha kwa akaunti yake ya benki, kwa hiyo hata ningejaza fomu usiku kucha nisingefika popote. GlobalGiving, ambalo lilianza mwaka 2002, linapokea taasisi za nchi kama yetu, lakini linataka taasisi iliyosajiliwa, yenye hati na hesabu zinazoweza kukaguliwa, na sisi tulikuwa kamati ya wazazi yenye muhuri na daftari la mihtasari. Ada yake ni kati ya asilimia 5 na 12 ya mchango, pamoja na asilimia 3 ya kuchakata malipo. Wenzangu walishtuka kusikia hivyo. Mimi sikuona kuwa ni wizi, maana mtu wa Marekani anayetoa kupitia huko anaweza kudai nafuu ya kodi, na kazi ya kuhakiki taasisi ina gharama zake. Kama tungekuwa na usajili, pengine ningelipendekeza hilo.

Mtoto wa kaka yangu anaishi Houston. Akanipigia simu akasema, "Shangazi, shikamoo. Nifungue ukurasa wa GoFundMe hapa kwa jina langu, fedha ziingie kwangu, nami niwatumie. Hakuna ada ya jukwaa." Nilimwitikia marahaba, kisha nikamwomba kwanza anichangie dola 5 kwenye ukurasa huo tuone kinachobaki.

Jaribio hilo lilinifundisha mengi kuliko maelezo yote niliyosoma. Ni kweli jukwaa lenyewe halikuchukua ada, ila usindikaji wa kadi hukata asilimia 2.9 na senti 30 juu ya kila mchango, na hizo senti 30 hazijali ukubwa wa mchango. Kwenye dola 5 ziliondoka senti 44 hivi, ambazo ni karibu asilimia 9. Kwenye dola 100 zingeondoka dola 3 na senti 20 tu. Maana yake ni kwamba watu 20 wakitoa dola 5 kila mmoja, tunapoteza karibu dola 9, lakini mtu mmoja akitoa dola 100 hatupotezi hata 4. Tangu siku hiyo tuliwaomba ndugu wa ukoo mmoja wakusanye kwanza wao kwa wao, kisha mmoja wao aingize jumla. Vilevile nilimwagiza kijana aandike wazi juu ya ile sehemu ya bakshishi inayomtokea mchangiaji kabla ya kulipa: ni hiari, inakwenda kwa jukwaa wala si kwa tangi, na anayetaka anaweza kuiweka sifuri.

Nilidhani hapo nimemaliza. Dola 1,000 za kwanza zilipotimia, nilitangaza kiasi hicho kwenye mkutano wa wazazi, na kijana akazituma kwa uhamisho wa benki. Benki yake ilimtoza dola 45, ambazo alizilipa mfukoni mwake. Hata hivyo fedha zilifika pungufu, kwa sababu benki nyingine iliyokuwa katikati ya safari ilijikatia, na benki yetu nayo ikakata ya kupokelea, kisha ikabadilisha dola kuwa shilingi kwa kiwango chake yenyewe. Mzee mmoja wa kamati, mtu ambaye hukagua hata mifuko ya saruji iliyokwisha tumika, alisimama akauliza, "Mama mhazini, na zilizobaki ziko wapi?" Sikuwa na karatasi ya kumwonyesha. Wiki mbili nilipita njia ya nyuma kwenda sokoni.

Nilipotulia nilirudi Moshi mjini kuuliza vizuri. Uhamisho wa benki unaweza kutumwa kwa utaratibu ambao anayetuma anabeba ada zote, ila aseme hivyo tangu mwanzo. Kwa kuwa ada ya kutuma haiongezeki sana fedha zinapokuwa nyingi, dola 45 ni asilimia 4.5 ya dola 1,000 lakini ni asilimia 1.5 ya dola 3,000. Kutuma kidogo kidogo kulikuwa kosa letu wenyewe. Zile programu za kutuma fedha moja kwa moja kwenye simu nazo nilizipima. Zinaweza kusema ada ni sifuri na faida yao ikawa ndani ya kiwango cha kubadilishia: tuseme dola ni shilingi 2,500 nao wakakupa 2,440, hapo umelipa shilingi 60,000 kwenye kila dola 1,000 bila kuona neno "ada" popote. Basi nikaacha kuuliza asilimia. Kila njia niliiuliza swali moja: dola 1,000 zikitoka Houston leo, ni shilingi ngapi zitaingia kwenye akaunti ya kamati?

Tukabaki na ukurasa wa kijana kwa walioko nje, fedha zikitumwa mara moja tu kila baada ya miezi kadhaa, na lipa namba, yaani namba ya kulipia kwa simu, kwa walioko Dar es Salaam na Arusha. Daftari langu nililichora upya. Sasa lina safu ya kilichotolewa, safu ya kilichofika, na katikati yake safu niliyoiita "njiani", kila mstari ukiwa na stakabadhi yake. Yule mzee huanza kusoma hapo katikati.

Desemba, watu walipopanda nyumbani kwa sikukuu, au "kuhesabiwa" kama tunavyotania, kaka yangu mkubwa alikuja na noti kwenye bahasha ya khaki, akazihesabu mezani mbele ya mzee huyo. Niliandika kiasi pande zote mbili, na kwenye "njiani" nikaweka sifuri.